Mstari Ambao Haukuwepo

Kutoka Taveta hadi Malaba nilitumia siku sita na miaka miwili. Siku sita ni zile nilizokuwa juu ya magari. Miaka miwili niliimaliza njiani, kila mahali nikijiambia kwamba hapa ndipo nilipokuwa ninakwenda. Nilibeba mizigo Voi, nikaosha masufuria Makindu, nikalinda ghala la viazi nje ya Nakuru. Watu wakishaanza kuniita kwa jina, nilikunja blanketi langu. Mwishowe dereva wa lori la chumvi aliniuliza ninakwenda wapi, nikamjibu, "Mwisho wa barabara." Siku iliyofuata akanishusha Malaba na kuninyooshea kidole geti la mpaka.

"Hapa ndipo Kenya inapoishia, kijana. Huko mbele sina karatasi yako."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne, na ugomvi mmoja na baba yangu. Yeye alitaka nishike shamba la ndizi. Mimi nilimtamkia neno ambalo mtoto hamtamkii baba yake, na alfajiri nikatoka bila kuaga. Ninalitaja hili mapema ili msije mkadhani kwamba nilitumwa mpakani na wito mtukufu.

Ninawaandikia ninyi mafundi wawili mliobaki na kibanda changu pale Busia, na mashine yenu ya kukata stika. Mmenicheka vya kutosha kwamba mtu wa miaka arobaini na saba anajiita mstaafu. Kifundo cha mkono wangu kilistaafu mwaka jana, mimi nimekifuata tu. Mashine yenu inaandika mstari wa Maandiko kwa dakika nne bila kupinda, na siionei wivu. Lakini kuna sehemu ya kazi ambayo haimo ndani yake, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwaachia.

Siku ile niliposhushwa, foleni ya malori ilikuwa imeshika barabara mpaka karibu na Amagoro. Madereva walikuwa wanapika ugali kando ya magurudumu. Juu ya ngazi, akiwa ameegemea paji la trela moja, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu alikuwa anaandika kwa rangi ya manjano. Foleni ikasogea, na trela pamoja nayo. Ngazi ilianguka, mzee akabaki ananing'inia kwenye fremu ya kioo cha pembeni, brashi mdomoni. Nilikimbia nikamshika miguu, tukaenda hivyo hatua kama kumi na tano, mimi nikitembea kinyumenyume, mpaka trela iliposimama.

Hakunishukuru. Alitoa brashi mdomoni akasema, "Usiniachie. Nimalizie hii herufi kabla hawajasogea tena."

Huyo ndiye Mzee Ekirapa, Mteso wa Amagoro, aliyekuwa fundi wa maandishi mpakani tangu malori yalipokuwa machache kiasi cha kujulikana kwa sauti. Jioni alinigawia muhogo na kuniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia, akaniita Pwani, na jina likanishika, ingawa bahari nilikuwa sijaiona hata siku moja.

Mwezi wa kwanza sikugusa rangi. Nilipewa msasa, brashi ya waya na kutu. Mzee alikuwa na imani kali kuhusu kutu. Ukipaka juu yake, alisema, rangi itang'aa wiki mbili, kisha itainuka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na jina lako ndilo litakalotajwa. Mwezi wa pili nilijifunza kupiga uzi wenye chaki ili mistari inyooke, na kuegemeza mkono kwenye fimbo ya mpera iliyofungwa kitambaa kichwani. Brashi nyembamba tulizilaza katika mafuta ya kupikia usiku kucha. Anayeacha brashi ikakauka, Mzee alikuwa hamsemeshi mpaka mchana wa kesho yake. Na ngazi, tafadhali, haiegemezwi kwenye gari lililo katika foleni. Hilo nililijifunza kabla ya yote.

Wateja wetu wengi walitaka Maandiko. Dereva anayekwenda Kampala au Juba anataka kitu juu ya kioo chake: mlima, ngao, mchungaji, kutoka na kuingia. Mzee hakumwandikia mtu yeyote kabla ya kumuuliza swali moja: "Unaogopa nini?"

Wengine walicheka. "Mzee, mimi nataka mstari, sitaki kuungama." Mzee alikaa juu ya debe lake la rangi na kungoja. Mtu mzima akingojewa na mtu asiye na haraka, mwishowe husema. Mmoja alisema anaogopa mteremko fulani. Mwingine, kwamba mtoto wake hamtambui akirudi nyumbani. Mzee alisikiliza, akafikiria, kisha akamtafutia mstari wake, na mara nyingi haukuwa ule alioujia. Mara nyingine alikataa kabisa: "Wewe huhitaji mstari. Wewe unahitaji breki. Kuna fundi pale nyuma ya kituo cha mafuta."

Mimi niliona ni kupoteza muda. Nilikuwa na daftari la mistari ishirini inayopendwa, na Mzee asipokuwepo nililifungua mbele ya mteja kama orodha ya vyakula hotelini. Anachagua, ninaandika, anakwenda. Maneno yenyewe sikuyafikiria. Nilijua tu lipi lina herufi nyingi.

Katika mwaka wangu wa nne, asubuhi moja Mzee akiwa amekwenda kununua rangi, alikuja Wafula. Alikuwa mtu wa Mundika, mnene, mcheshi, dereva wa tanki la petroli. Tanki lake lilikuwa limesimama mbele kabisa ya kibanda chetu, magari matano kabla ya geti. Alitaka ule wa taa, unaosema kwamba Neno ndilo linalommulikia mtu anapokanyaga.

"Mistari miwili," alisema. "Wa juu bluu, wa chini nyekundu. Na uwe mkubwa, fundi, Waganda wausome kutoka ng'ambo."

Sikumuuliza kitu. Niliandika mstari wa juu kwa bluu. Kwa wa chini nilipiga uzi wa chaki tu, kwa sababu nyekundu ilikuwa imeisha na nilikuwa ninamsubiri Mzee ailete. Wafula akarudi kutoka kunywa chai. Alisimama hatua sita mbele ya gari lake, mikono kiunoni, akasoma kwa sauti. Alisoma mstari wa juu, kisha akashuka akasoma wa chini mpaka neno la mwisho.

"Hapo chini," akasema, "hiyo nyekundu imetoka safi sana."

Nilidhani ananitania. Nilimwangalia nikisubiri acheke. Alinipiga bega, akapanda ngazi za gari kwa kupapasa kila kidato kwa kiatu kwanza, na ndipo nilipoelewa. Yule mtu alikuwa amesoma kwa kichwa. Haoni.

Nitasema ukweli wangu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuleta nyekundu na kuumaliza mstari, ili alichosema kiwe kweli. Mzee alipofika na makopo yake nilimsimulia kama kichekesho. Hakucheka.

"Ulimuuliza anaogopa nini?"

"Hapana, Mzee."

"Umepaka juu ya kutu." Aliweka makopo chini. "Mtu anakuja kuomba taa, na wewe humuulizi giza liko wapi?"

"Mzee, mimi ni mwandishi tu. Si daktari, si polisi."

"Na ile petroli itajua wewe ni mwandishi tu? Kamuulize. Mimi siendi. Mteja ni wako."

Magari mawili yalikuwa yamekwisha kupita. Tanki lilikuwa linasogea polepole. Nilirukia kidato cha upande wa utingo, nikafungua mlango nikaingia. Kiti cha utingo kilikuwa kitupu.

"Kuna nini, Pwani? Umesahau brashi?"

"Mzee Wafula, unaogopa nini?"

"Naogopa mafundi wanaoingia gari la watu bila hodi." Akacheka. "Shuka, karatasi zangu zimeitwa."

"Nisomee mstari wa pili tena."

"Si nimeusoma? Mzuri. Shuka."

"Haupo. Sijauandika. Kuna chaki tu."

Injini iliendelea kunguruma. Mbele yetu lori likasogea, nafasi ikafunguka, na yeye hakusogea. Nyuma wakaanza kupiga honi.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza taratibu.

"Mzee Ekirapa."

"Utingo wangu ndiye alikuwa ananiambia. Kushoto, kulia, punguza. Ameniacha Eldoret. Alisema hataki kuzikwa na mimi." Alishika usukani kwa mikono yote miwili kana kwamba gari lilikuwa mbioni. "Mchana ninaona vivuli. Juzi nilimpita mtu wa baiskeli pale Kocholia. Sikumwona, Pwani. Nilimjua kwa kengele yake."

Honi zilikuwa zimekuwa nyingi.

"Sasa unajua ninachoogopa," alisema. "Kwamba siku moja atapita mtu asiye na kengele. Na kwamba nikishuka hapa, mimi si dereva tena, na sijawahi kuwa kitu kingine."

Katika daftari langu la mistari ishirini hakukuwa na hata mmoja niliothubutu kumtajia mtu huyo wakati ule. Nilimwambia tu, "Kata kulia. Kuna nafasi wazi kando ya barabara. Mimi nitakuwa utingo." Nikateremka nikatembea mbele ya tanki nikiongea kwa sauti, kulia, kulia, simama, nyoosha, huku madereva wakinitukana kwa Kiswahili, Kiteso na Kiganda. Mwingine alipiga kelele, "Ssebo, hilo tanki mnalioa?" Wafula alitoka kwenye foleni aliyokuwa ameingoja siku mbili. Hapo hapo akampigia simu mwenye gari, nami nikasikia upande wake tu: "Boss, leta dereva mwingine. Macho yangu yameisha. Hapana, sijalewa. Nimesema macho."

Jioni alikuja dereva mwingine, akaondoka na tanki likiwa na mstari mmoja. Wafula alibaki na mfuko wa nguo.

Muuguzi wa Busia alimwambia ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba madaktari wa kupasua wangekuja hospitali ya misheni baada ya miezi kadhaa. Hakutaka kurudi Mundika. Alisema hajui atamwambiaje mke wake Nekesa. Mzee akampa msasa. Dereva wa tanki la petroli akawa anakwangua kutu pamoja nami, kwa vidole, na niwaambieni, hakuna aliyewahi kukwangua kama yeye. Jicho hudanganywa na rangi. Kidole hakidanganyiki.

Ombi lake lilikuwa moja tu: nimsomee Maandiko asubuhi kabla hatujafungua rangi. Nilianza kama mtu anayemfanyia mgonjwa hisani. Nilisoma haraka, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la mnada.

"Polepole," aliniambia siku ya pili. "Mimi siyaoni, wewe uliye na macho yaone kwa niaba yangu."

Basi nikapunguza mwendo, na nilipopunguza mwendo maneno yakaanza kunifikia. Mistari niliyoiandika mara mia juu ya malori ilikuwa na watu ndani yake. Yule mwenye mchungaji alikuwa amepita bondeni kweli. Yule aliyeinua macho kuangalia milima alikuwa safarini, na hakuwa na uhakika. Tulipofika mahali ambapo wimbo wa kulalamika unageuka ghafla kuwa wa shukrani, Wafula aliuliza, "Nini kimetokea hapo katikati?" Nikamwambia hakuna kilichoandikwa. Akasema, "Alilala, akaamka, akakuta bado yupo. Mimi ninapajua hapo." Siku hiyo alinituma nimpigie Nekesa.

Nekesa alikuja kesho yake na kikapu cha viazi vitamu, akamsimamia mbele.

"Kwa hiyo mke ndiye wa mwisho kuambiwa?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini? Kwamba nitaolewa na dereva mwenye macho? Wote ninawajua, hawana akili." Kisha akaketi juu ya debe la Mzee na kulia kidogo, akifuta machozi kwa leso, na Mzee akajifanya anatafuta kitu ndani ya kibanda kwa muda mrefu.

Wafula naye alikuwa amenigundua. Asubuhi moja alisema, "Pwani, mbona kile kisa cha kijana aliyeondoka kwa baba yake unakiruka? Mara ya tatu sasa. Karatasi zinageuka mbili mbili, nasikia."

Nikasema zimeshikana kwa rangi.

"Haya," akasema, na kuendelea kukwangua.

Walipomfungua bendeji nilikuwepo. Hakutazama dirisha wala daktari. Alitutaka tumpeleke Malaba, akasimama hatua sita mbele ya kibao chetu wenyewe, mikono kiunoni kama siku ile, akasoma neno kwa neno. Halafu akasema, "Hii M yako ina mguu mmoja mfupi. Nimekusifu miezi yote hii bure." Mzee Ekirapa alicheka mpaka akashika ngazi.

Mwaka uliofuata alipata lori la saruji na akaja kuandikiwa. Safari hii Mzee mwenyewe aliuliza. Wafula akafikiria. "Leo siogopi kitu."

"Basi huhitaji mstari."

"Nataka wa kushukuru."

"Hiyo nayo ninaiandika," Mzee akasema, na akamwita mtu wa kushika ngazi, yaani mimi.

Tangu siku ile ya tanki sikumwandikia mtu bila kuuliza. Magoti ya Mzee yalipochoka alirudi Amagoro kwenye mihogo yake, nami nikahamia Busia, karibu na steji, mahali mnapopajua. Hapo palikuwa na akina mama wa vibanda wengi kuliko madereva. Mama mmoja wa mitumba alitaka ule wa maadui kukanyagwa, uandikwe upande unaoelekea jirani yake. Nilimuuliza anaogopa nini. Alisonya, akakunja suruali tatu, akasema, "Wateja wake hucheka. Wangu hawacheki." Tukaandika wa meza iliyoandaliwa, upande wa mbele. Siku ya rangi kukauka nilimwambia atumie hiyo meza, na akamwita jirani kwa chai. Sisemi walipendana. Lakini nilisikia kicheko upande ule wa pili pia.

Siyo wote walisikia. Wako waliokwenda kwa fundi mwingine asiye na maswali, na wako niliowaandikia vizuri na wakafa barabarani. Mstari si hirizi. Mzee aliniambia hivyo kwenye mazishi ya dereva mmoja: sisi tunamwandikia mtu kitu cha kushika mkononi njiani, njia yenyewe hatuichori. Kwa miaka mingi hilo limenitosha.

Miaka ishirini na sita mpakani. Kwa mtu kama mimi huo ni muujiza ambao hamuutambui. Kila msimu wa mvua miguu iliniwasha, nikakunja blanketi, kisha akaja mtu asubuhi na hofu yake, nikakunjua. Sasa mkono umekataa, na sababu ya kukunjua imeisha. Ndipo nilipogundua kwamba mahali pekee ambapo sijawahi kwenda ni kule nilikotoka. Baba yangu yu hai. Dada yangu huniambia kwa simu kwamba hukaa mlangoni jioni. Simu yenyewe baba haichukui.

Siku niliyoondoka Wafula alikuwa anakwenda Mombasa na lori tupu, akasema atanifikisha Voi. Ninyi mlinipa ile stika yenu yenye jina langu, nzuri, asanteni. Nilichukua fimbo ya mpera tu.

Tangu apasuliwe macho Wafula ana tabia moja inayochosha: husoma kila kibao kilicho barabarani kwa sauti. Tulipotoka Busia alianza. Kinyozi. Duka la dawa. Kanisa, ibada saa tatu. Nilitaka kumwomba anyamaze, kisha nikaona kwamba nusu ya vibao hivyo ni mkono wangu. Mundika alipiga honi kwa Nekesa, ambaye alisimama kando ya barabara na kunirushia mfuko wa njugu dirishani. Wafula akaendelea kusoma. Posho mill. Hoteli, chai ya maziwa. Mwisho akanyamaza, na bila kunigeukia akauliza:

"Pwani, unaogopa nini?"

Niliangalia fimbo yangu. Nilijua akimuuliza mtu, hungoja. Alijifunza kwa Mzee.

"Naogopa nitashuka Bumala nirudi."

Tulipofika Bumala, kwenye njia panda, alipunguza mwendo mpaka lori likawa linatembea kama mtu. Vijana wa bodaboda wakaja dirishani: "Boss, Busia? Twende Busia, boss?" Wafula aliangalia mbele. Aliniachia muda wa kutosha mtu kufungua mlango.

Nilifungua mfuko wa njugu, nikamtilia kiganjani.

"Kile kisa cha kijana," nikamwambia. "Karatasi hazikuwa zimeshikana."

"Najua," akasema, akaingiza gia, na kusoma kibao kilichofuata.